Baa Kumi na Sita

Ujumbe uliingia kwenye simu saa tatu usiku, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuusoma kwa sauti. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja khanga zake.

"Wameniita kwenye usaili wa tamthilia ya nyimbo," nikamwambia, huku nafasiri Kiingereza kadiri ya uwezo wangu. "Jumamosi saa mbili asubuhi, Nairobi. Niende na picha, wasifu wangu, viatu vya kuchezea, na niwe tayari kuimba baa kumi na sita."

Khanga ikamponyoka.

"Baa ngapi?"

"Kumi na sita, Shangazi."

"Kwa usiku mmoja?"

Nikasema sijui, labda ni kwa wiki.

"Seif mwanangu, marehemu babako alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Leo wewe wenda Nairobi kuimba kwenye baa kumi na sita? Moja haikutoshi?"

Ningekuwa na elimu ningemcheka. Lakini miaka yote niliyoimba harusini hakuna aliyewahi kunipimia wimbo kwa baa. Kwetu wimbo hupimwa kwa tunzo. Ukiona akina mama wanazidi kuja mbele na noti za mia mia, unarudia ubeti. Ukiona wamekaa wanapepea vipepeo, unafunga, mnakwenda kula biriani.

Mchana mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, kazi ya kugonga mihuri na kupigiwa kelele. Mwisho wa wiki naimba katika kikundi cha taarabu cha Shangazi, harusi za Kibokoni, za Majengo, na za Likoni tukiletewa gari. Shangazi ndiye mtunzi, ndiye mweka hazina, na ndiye anayeamua nani avae nini. Amekulia kwenye kanda za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na kwake muziki wowote usiokuwa na udi ni kelele za gereji. Fomu ya usaili, au odisheni kama wanavyosema wenyewe huko, nilijaziwa na mwenzangu wa ofisini aliyewahi kusoma Nairobi. Alinieleza kwamba tamthilia ya nyimbo ni mchezo wa jukwaani ambao mtu anazungumza, katikati ya mazungumzo anaanza kuimba, mara wote waliopo wanacheza, na hakuna anayeshangaa. Nikamwambia hiyo ni harusi ya kwetu. Akasema basi tayari una uzoefu.

Kesho yake nikamwendea mwalimu wangu wa kwaya wa sekondari, mzee mstaafu anayeishi Kisauni na kinanda cha kukanyaga ambacho kinahema kuliko kinavyolia. Yeye ndiye aliyenitoa tongotongo. Baa, akaniambia, ni kipimo tu: kipande cha muziki kilichofungiwa baina ya mistari miwili iliyosimama, na mara nyingi ndani yake mna mapigo manne. Kumi na sita, kwa mwendo wa kawaida, ni kama sekunde arubaini. Wasaili wana watu mia nje, hawawezi kumsikiliza kila mmoja wimbo mzima.

"Sasa niimbie, nikuandikie," akasema. "Mpiga piano wao hajui taarabu zenu. Lazima umpelekee karatasi."

Mwalimu huyu hana habari na zile noti za vichwa vyeusi na mikia. Yeye ni mtu wa solfa: d, r, m, f, s, l, t, na vinukta viwili viwili katikati kuonyesha mapigo. Kwaya nyingi za shule na makanisa ya Afrika Mashariki zimelelewa na herufi hizo. Akanisimulia, kwa mara ya mia, jinsi zilivyoanzia kwa mwanamke wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, na jinsi mchungaji John Curwen alivyozitengeneza upya na kuzieneza karne ya 19, hata wamishonari wakazileta huku ndani ya masanduku pamoja na vitabu vya nyimbo. Nilimwacha aseme. Mtu anayekuandikia bure humkatizi.

Kisha nikaanza. Na nilianza pale ninapoanza siku zote, yaani mwanzo. Msomaji anayejua taarabu ameshaona balaa linakokuja. Wimbo wa taarabu hauanzi na mwimbaji. Fidla huanza, akodioni ikajibu, udi ukapenya katikati, dumbaki ikaingia, watu wakajiweka sawa vitini, ndipo mwimbaji anyanyuke polepole kama shahidi aliyeitwa na hakimu. Mimi sikuwa na fidla, nikaigiza kwa mdomo: nyaa, nyanyanyaa, nyaa. Mwalimu akawa anaandika, kila mapigo manne anachora mstari, kila mapigo manne anachora mstari. Ghafla akachora miwili pamoja, akaweka kalamu chini.

"Kumi na sita hizo."

"Nimemaliza?"

"Umemaliza."

Nikasema Mungu mkubwa, kumbe kazi nyepesi hii.

Kulikuwa na kidudu kimoja tu. Wimbo ule ni wa maqamu ya Rast, yaani ngazi mojawapo ya sauti za Kiarabu, na katika Rast ile sauti ya tatu haiko juu wala haiko chini; inakaa katikati, pale ambapo udi unafika lakini piano haina cha kubonyeza. Solfa nayo haina herufi yake. Mwalimu aliisikiliza mara nne, akaandika m, akaichorea mshale mdogo unaoelekea chini.

"Watajua," akasema.

Wasifu niliuandika mwenyewe, kama ule niliopelekea bandarini, maana ndio pekee ninaoujua. Nikaweka alama zangu zote za mtihani wa kidato cha nne. Nikaweka wadhamini watatu, mmoja wao chifu. Nikaambatanisha na hati ya tabia njema ya polisi, ambayo nilikuwa nimeilipia shilingi 1,050 na bado haijanirudishia hata senti. Kwa upande wa picha nikabana pasipoti mbili, nyuma buluu, uso nimeukaza kama naapishwa. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba watu wa jukwaa hutaka picha moja kubwa ya uso, inchi 8 kwa 10, unayoonekana kama mtu ambaye mwenzio angependa kunywa naye chai, na nyuma yake wasifu wa ukurasa mmoja tu: umeigiza nini, unaimba sauti ya ngapi, unacheza nini, kimo chako. Wangu ulikuwa kurasa sita na muhuri wa chifu.

Usiku wa safari Shangazi alinisindikiza hadi kituo cha Miritini. Nikalalamika kidogo kuhusu baridi ya Nairobi mwezi Julai. Akanikata kauli.

"Siti binti Saad mwaka 1928 alipanda meli mpaka Bombay kwenda kurekodi. Hakusema baridi, hakusema mbali. Wewe waenda kwa treni, kiti chako, dirisha lako."

Akanipa kifurushi cha karafuu, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Tafuna tatu kabla ya kuimba. Tatu. Zafungua koo." Kisha akanivuta sikio, akanong'ona: "Na ukiingia kwenye hizo baa, cha mtu usinywe. Agiza soda, na ifunguliwe mbele ya macho yako."

Nilikuwa nimemweleza habari ya vipimo mara tatu. Aliniacha niseme kama mimi nilivyomwacha mwalimu.

Treni ya usiku ina ubaridi wake, na hofu nayo ina wake. Tulipopita Voi nilitafuna karafuu ya kwanza, kwa majaribio. Mtito Andei nikatafuna nyingine tano. Kisha nikawaza lile neno "wasaili", nikaona meza ndefu na watu wenye miwani, mkono ukawa unakwenda na kurudi kwenye kitambaa kama unakwenda kwenye njugu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akishushwa pale kabla ya alfajiri, mwezi wa saba, akiwa na makubadhi, hafikirii tena sawasawa. Kufika mlangoni kwa ukumbi, kitambaa kilikuwa kitupu.

Na ulimi wangu haukuwepo.

Ulikuwemo mdomoni, nasema, lakini mawasiliano yalikatika. Midomo nayo ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyeniazima. Mafuta ya karafuu, kwa asiyejua, ndiyo yale yale watu wanayoweka kwenye jino linalouma ili lisiume. Na mimi jino halikuwa likiniuma.

Mezani palikuwa na binti mwenye orodha, kalamu nene na karatasi za kubandika kifuani. Sikuonekana kwenye orodha. Akasema hakuna shida, nitakuandika upya, jina nani?

Ninaitwa Seif. Tangu nizaliwe ninaitwa Seif.

"Theif," nikasema.

Akaniangalia. "Theif?"

"Theif," nikathibitisha, nikatikisa kichwa kwa fahari, nikidhani hitilafu iko masikioni mwake.

Akaandika alivyosikia, kwa herufi kubwa, namba chini yake, akanibandika kifuani: THEIF 47. Yeyote aliyepita shule Kenya anajua kwamba hapo herufi mbili tu zimebadilishana viti. Anayesoma mbio anasoma mwizi.

Mimi sikukisoma. Cha kifuani kwako unakisoma kwa wenzio. Nilichokiona ni kwamba kila nikipita kwenye ukumbi wa kungojea, watu wanavuta mikoba yao wanaiweka mapajani. Kijana mmoja alitoa simu yake kwenye soketi ya kuchajia, nikiwa mimi naomba tu nafasi nikae. Nikasema moyoni, hii ndiyo Nairobi tuliyokuwa tukihadithiwa. Watu hawaaminiani.

Sijawahi kuona mahali kama pale. Mmoja anapuliza midomo brrrr kama mashua ya injini inayokataa kuwaka. Mwingine ameinama, mikono inaning'inia, anaguna kama mama mjamzito. Msichana mmoja ameuelekea ukuta, anauomba msamaha, machozi yanamtoka, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kuuomba tena. Wote wana mafaili meusi yaliyopangwa vizuri, chupa za maji, viatu vya densi kwenye mfuko. Nguo zao ni za kawaida, safi, za kumkaa mtu mwilini ili aweze kuruka. Mimi nilikuwa na koti la harusi la marehemu mume wa Shangazi, mabega yake yakifika mahali kabla yangu, na leso mkononi.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja mchangamfu ambaye hii ilikuwa odisheni yake ya tisa. Aliitazama ile karatasi ya kifuani, akaguna kwa heshima.

"Wewe umeshaamua kabisa nafasi unayoitaka. Mimi hata sijui niombe ipi."

Sikuelewa, nikatabasamu kwa nusu ya midomo iliyokuwa ikinisikiliza. Alinipenda, nadhani kwa huruma, akanipa somo la dakika tano ambalo ningelipata wiki moja kabla nisingekuwa na hadithi hii. Ukiingia, akasema, mpiga piano ndiye ndugu yako wa pekee mle ndani. Msalimie. Muonyeshe unapoanzia na unapoishia. Mwimbie kidogo kwa sauti ya chini ili ajue mwendo, na usimpigie vidole hata siku moja. Ukimpigia vidole atakupigia wimbo wako kwa mwendo wa jeneza. Karatasi usizitie kwenye plastiki inayong'aa, taa zitamuumiza macho. Ukiimba usiwakodolee macho wasaili, wanaona haya. Tazama juu kidogo ya vichwa vyao. Kisha akaomba kuona karatasi yangu.

"Hii ni nini? Aljebra?"

"Tholfa," nikasema.

"Arubaini na saba!" wakaita.

Chumbani mlikuwa na meza, na nyuma ya meza watu watatu: mwelekezi, msimamizi wa muziki, na mwalimu wa densi aliyekaa kama twiga. Kwenye piano palikuwa na mama wa makamo aliyevaa sweta ya kufuma. Ukimtazama tu unajua Jumapili yuko kanisani na anawahi. Nikafanya kama nilivyoelekezwa.

"Thikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, akavaa miwani, akaichukua karatasi. Uso ukamchangamka. "Ooh, solfa! Hii sijawekewa mbele tangu nikiwa msichana kwenye kwaya." Akaipitisha macho kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kisha akasimama kwenye mshale. "Mi hii imefanya nini?"

"Imechoka kidogo, mama."

"Imechoka?"

"Thi mi kamili. Iko katikati."

Akabonyeza moja, akabonyeza na ya jirani yake. "Hapa katikati kuna hewa tu. Nikupe ya juu au ya chini?"

Nikamwambia achague mwenyewe, mradi aibonyeze kwa masikitiko. Akaahidi atajaribu.

Nikaenda katikati ya chumba nikasimama kisawasawa, kama Shangazi alivyonifunza: miguu pamoja, mgongo wima, leso mkono wa kulia, uso wa mtu mwenye siri ya jirani. Nikatazama juu ya vichwa vyao, ambako kulikuwa na saa ya ukutani. Mama akaanza.

Nasema kweli, alipiga vizuri. Ile mi iliyochoka aliitendea haki kuliko nilivyotarajia. Nikafumba macho. Fidla ikapita, akodioni ikajibu. Nikatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, kama anavyotikisa mtu anayejua kinachokuja. Nikapeleka leso kifuani. Udi ukaingia. Nikafumbua macho, nikavuta pumzi mpaka koti likanienea, nikafungua kinywa.

Piano ikanyamaza.

Nikangoja. Mama naye akangoja. Saa ya ukutani ikasema tik, ikasema tik.

"Asante sana," akasema mwelekezi.

"Bado thijaantha."

"Samahani?"

"Thijaimba."

Msimamizi wa muziki akatazama daftari lake. "Tulisema baa kumi na sita. Nimehesabu mimi mwenyewe, zimetimia."

"Hidho thi dhangu," nikamjibu kwa uchungu. "Hidho ni dha fidla."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Walitazamana kama madaktari. Mama wa piano akajitolea, akageuza karatasi upande wa pili kuona kama kuna mwendelezo, akakuta orodha ya Shangazi ya sokoni: mchele wa pishori, nazi nne, ndimu. Mwelekezi, ambaye leo namwombea heri, akasema basi imba, bila piano, ubeti mmoja.

Sasa wimbo niliouchagua ni utungo wa Shangazi mwenyewe, alioutunga dhidi ya jirani fulani aliyekuwa akimteta. Ni mpasho wa wazi, na ujuzi wake wote uko kwenye herufi moja. Unapoimbwa na mtu mwenye ulimi, unasema hivi:

Sisemi, sasa si siri, sisi sote twasikia;
Sumu sasa si sukari, sisimizi wasusia.

Harusini, akina mama wakifika kwenye wale sisimizi hupiga vigelegele mpaka taa zinacheza. Mimi nilisimama mbele ya wasaili watatu wa Nairobi, ulimi umelala usingizi wa karafuu za Pemba, nikaimba kwa sauti kamili:

Thithemi, thatha thi thiri, thithi thote twathikia;
Thumu thatha thi thukari, thithimidhi wathuthia.

Mate yalifika mbali. Mwalimu wa densi aliondoa karatasi zake taratibu. Nilipomaliza, kwa mazoea tu, nikasogea mbele hatua mbili na kunyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, kama tunavyofanya tunapopokea tunzo. Nikakaa hivyo. Yule mwalimu wa densi akatazama kiganja, akawatazama wenzake, akatazama mezani kwake, mwishowe akanipa chupa yake ya maji.

Hapo mwelekezi akainamisha kichwa kusoma kifua changu. Akasoma tena. Akafungua kurasa zangu sita, akafunga.

"Naona wewe umekuja kwa nafasi ya mwizi."

Sijui kama umewahi kuitwa mwizi Nairobi. Mombasa ukiitwa mwizi kuna nafasi ya kujadiliana: wewe wa nani, babako nani, kwenu wapi. Nairobi nilikuwa nimehadithiwa kwamba hakuna mjadala, kuna tairi. Damu ikanishuka miguuni. Nikakumbuka mikoba iliyovutwa, nikamkumbuka kijana na simu yake, yote yakaja kwa pamoja.

"Mimi thi mwidhi!" nikapiga kelele.

Mwelekezi akaweka kalamu chini.

"Thi mwidhi, wallahi! Mimi ni karani! Nimekuja na treni, tiketi hii hapa!" Nikatoa tiketi. "Na hati ya polithi iko hapo mbele yenu, ukuratha wa tano! Thomeni! Alama dha vidole dhangu dhimepimwa, thina kethi, thijawahi kuiba hata thindano! Muulidheni chifu!"

Nikajirusha mezani kuwatolea ule ukurasa wa tano, bega moja la koti likabaki nyuma. Hati nikaishika juu kwa mikono miwili. Wakati huo nilikuwa nalia, sitaficha. Mama wa piano aliushika mdomo wake kwa sweta, mabega yanamtetemeka. Msimamizi wa muziki ametoka chini ya meza, nadhani alikuwa anatafuta kalamu, macho mekundu. Mwelekezi akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki wengine wajue:

"Rudia. Lakini ukifika kwa chifu, ongeza hofu."

Nikamwambia hofu yote niliyo nayo ndiyo hiyo, sina akiba. Akaniambia rudia tu. Nikarudia. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu wakamwita na binti wa mezani aje aone. Yeye ndiye aliyenionyesha kifua changu kwenye kioo cha ukutani, ambamo herufi zilikuwa kinyume, kwa hiyo ikachukua muda.

Kipindi cha densi nisikipe maneno mengi. Mwalimu alihesabu moja mpaka nane, wenzangu thelathini wakaenda kulia, mimi nikaenda kivyangu. Kwenye nane ya tatu tulitakiwa kurusha mguu. Niliurusha. Kubadhi la kulia likaondoka peke yake, likapaa vizuri sana, nadhani ndilo lililokuwa na kipaji siku ile, likatua mezani juu ya wasifu wangu, usawa wa muhuri wa chifu.

Nilirudi Mombasa na treni ya usiku. S ya kwanza ilinirudia karibu na Emali, nikaisema peke yangu mpaka abiria wa mbele akahama kiti.

Siku kumi na moja baadaye simu ikalia tena usiku. Safari hii nilisoma kimyakimya, nikasoma mara mbili. Shangazi alikuwa palepale kwenye mkeka, khanga mkononi. Hakuniuliza kitu, alinyoosha shingo tu.

"Wamenichukua."

Kigelegele alichopiga kilimwamsha muadhini. Dirisha la jirani likafunguka, lile lile la yule jirani wa sisimizi.

"Nilisema mimi! Nilisema! Utakuwa nani? Mfalme? Sultani?"

"Mwizi, Shangazi."

Kigelegele cha pili kikamkwama kooni.

"Wa pili," nikaongeza, nikidhani inapunguza.

Akafikiri. "Na mwizi wa kwanza ni nani?"

"Kijana mmoja wa Kisumu."

"Wamempa wa Kisumu wa kwanza, wewe wa pili? Na karafuu zote zile?" Akakunja khanga moja kwa hasira, akaikunjua, akaikunja upya. Kisha akateremsha sauti na kutupia jicho dirishani, jirani asisikie. "Na zile baa?"

"Mbili tu, Shangazi. Kuimba peke yangu wamenipa baa mbili."

Akainua mikono yote miwili juu.

"Alhamdulillahi. Kumi na nne zimepungua."